Dakika Arobaini za Sivodol

Stoil alikanyaga mafuta mpaka mwisho.

Hapo ndipo tulipoachana Jumamosi iliyopita. Basi limeruka kutoka lango la shule ya Sivodol kama punda aliyeumwa na nyuki, na Mwalimu Mkuu Yordana Terzieva ameshikilia kiti cha mbele kwa mikono miwili, haamini macho yake. Jana yake tu Stoil alikuwa amemwapia, kwa kaburi la kaka yake, marehemu mume wa Yordana, kwamba ataendesha basi hilo kama amebeba trei za mayai.

"Shemeji!" alipiga kelele. "Shemeji, unakimbizwa na nani?"

Wako waliokwisha kumhukumu Stoil tangu Jumamosi. Wasubiri kwanza.

Stoil hakugeuka. Aliinua kidole kimoja kutoka kwenye usukani akaonyesha upande wake wa kulia. Pale alikuwa ameketi mkaguzi wa wizara, Bwana Kirchev, mwembamba, koti la mvua limefungwa vifungo vyote ingawa ilikuwa Mei na jua limewaka. Mkononi alikuwa na saa ya kupimia mbio. Mbele yake, juu ya dashibodi, kulikuwa na karatasi ambayo haikuwapo jana.

"Msomee," Stoil alimwambia mkaguzi. "Mimi nikisoma naendesha, tutaingia mtoni."

"Kilomita hamsini kwa saa," Bwana Kirchev alisoma. "Dereva atakayekwenda chini ya hapo pasipo sababu atanyang'anywa leseni. Sikuiandika mimi, Mwalimu. Mimi naibeba tu."

"Nina leseni hii tu duniani, shemeji," Stoil alisema. "Mke sina. Meno yenyewe unayaona."

Watoto kumi na mmoja waliokuwa nyuma, na mama wawili waliokuja kuwasindikiza, walicheka. Yordana hakucheka. Alikuwa akitazama saa ile, na mshale wake mwekundu unaokwenda bila kumwonea mtu haya.

Shauri lenyewe lilikuwa hivi. Serikali ilikuwa imeleta sera mpya ya shule, na sera hiyo ungeweza kuiandika kwenye kiganja: pesa zinamfuata mwanafunzi. Mtoto akienda mjini, fungu lake linakwenda naye mjini, na shule ndogo ya milimani inabaki na ubao na panya. Mlango ulioachwa wazi ulikuwa mmoja. Shule ingeweza kuingizwa kwenye orodha ya shule za kulindwa, ikapewa fungu lake lenyewe la kuni na mishahara, ikiwa ina wanafunzi wasiopungua kumi na wanane, na ikiwa basi kutoka hapo hadi shule ya mjini linachukua dakika arobaini au zaidi.

Wanafunzi wa Sivodol walikuwa kumi na wanane. Hawakuzidi hata nusu.

Na dakika? Mwaka juzi safari ya mjini Belostena ilikuwa saa nzima na robo, mashimo matupu, na mara nyingine wanaume walishuka kusukuma. Kisha, vuli iliyopita, lami ikaja.

Walikuwa wameiomba lami hiyo miaka ishirini na miwili. Ilipofika walichinja kondoo wawili. Padri alinyunyiza maji, imamu wa kitongoji cha Daraja akaomba dua, na watu wakashikana mikono wakacheza juu ya barabara ingali na joto mpaka soli zikanata. Aliyeongoza ngoma, leso nyeupe hewani, alikuwa Mwalimu Mkuu Yordana Terzieva.

"Barabara nzuri," alisema Bwana Kirchev, akitazama lami inavyoteleza chini ya basi.

"Ina kona," alisema Yordana upesi. "Kona arobaini na tatu. Watoto wanatapika."

"Hata hivyo ni nzuri." Mkaguzi alifungua jalada lake, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne. "Na mwandiko huu pia ni mzuri sana. Siku hizi huuoni."

Yordana aliutambua kabla haijakunjuliwa yote.

"'Tukipata lami,'" alisoma Bwana Kirchev, "'safari ya kwenda Belostena haitazidi dakika thelathini, na watoto wetu watafika mjini salama hata wakati wa theluji.' Sahihi mia moja na kumi na mbili. Ya kwanza ni yako, Mwalimu."

Hata watoto walielewa kwamba mwalimu ameshikwa.

"Tulikuwa tunaomba barabara," alisema Yordana.

"Na mmeipata."

"Tuliwataja watoto kwa sababu usipowataja watoto, ofisi zenu hazifungui bahasha!"

"Zimefungua," alisema Bwana Kirchev, akaikunja karatasi ile tena, mara nne.

Stoil alikohoa. "Mimi nilisema tuandike dakika ishirini na tano," alinong'ona. "Mshukuru Mungu hamkunisikiliza."

Dakika ya sita. Baada ya kona ya msalaba wa mawe, Stoil alifunga breki kwa furaha ambayo hakuificha. Barabara nzima ilikuwa kondoo. Sitini, labda zaidi, wamesimama juu ya lami kama wameitiwa mkutano, na katikati yao mzee Gancho ameegemea fimbo, anatazama mawingu.

Huo ulikuwa mpango. Yordana alimtazama mkaguzi kwa pembe ya jicho.

Bwana Kirchev alibonyeza saa. Mshale ukasimama.

"Kwa nini umeisimamisha?" aliuliza Yordana.

"Kondoo hawahesabiwi."

"Nani kasema?"

"Waraka. Ukurasa wa tatu." Alishusha kioo. "Mzee! Ondoa mifugo!"

"Ah, mheshimiwa, kumbe kuna basi!" mzee Gancho alijibu, mkono sikioni. "Wamezoea kuvuka saa hii, hawa. Ukiwaharakisha maziwa yanakata."

"Wazoee saa nyingine."

Kondoo walichukua dakika saba kuondoka, na zote saba zilipotea bure. Mkaguzi alikaa ametulia, mikono juu ya jalada.

"Tangu Februari nimepita vijiji kumi na vinne," alisema, kama anayesimulia hali ya hewa. "Kumi na kimoja nilikuta kondoo barabarani. Viwili nilikuta ng'ombe."

"Na hicho kimoja kilichobaki?" Stoil hakuweza kujizuia.

"Jeneza. Wanaume sita wamelibeba, wanatembea taratibu, wanalia. Lilikuwa tupu."

"Na shule zilizopona?" aliuliza Yordana. "Katika hizo kumi na nne?"

"Mbili."

"Walifanya nini hao wa shule mbili?"

"Kondoo hawakuwaponya. Barabara zao ni mbovu."

Basi liliondoka, mshale ukaanza tena pale pale ulipoachwa. Yordana alikaa. Alikuwa na miaka hamsini na minane, thelathini na mmoja kati yake ameshika chaki ya Sivodol, na alijua hesabu vizuri mno kwa afya yake. Kilomita ishirini na sita na nusu kwa mwendo wa hamsini ni karibu dakika thelathini na mbili. Zilikuwa zinapungua dakika nane. Dakika nane, shule ifungwe, nayo ikifungwa wataondoka wenye watoto, na wakiondoka wenye watoto duka litafungwa, na baada ya duka kutabaki mzee Gancho na kondoo wake.

Kisha akakumbuka jambo.

"Na vituo?" aliuliza. "Watoto saba wa vitongoji wanapandia njiani. Vituo vya watoto navyo hamhesabu?"

Bwana Kirchev alifungua waraka. Alisoma polepole, akarudia.

"Vinahesabiwa," alisema. "Mtoto anapopanda, saa inatembea. Sheria ni sheria."

Yordana aligeuza uso dirishani ili asionekane. Vitongoji vilikuwa vitatu. Na kwa kila mzazi wa vitongoji hivyo alikuwa amepita jana jioni, mlango kwa mlango.

Dakika ya tisa, kitongoji cha Daraja. Fatme alikuwa amesimama na watoto wake watatu, mama mnene mwenye sauti ya kuita ng'ombe ng'ambo ya bonde.

"Haya, pandeni, mheshimiwa ana haraka!" alisema. "Ngoja kwanza! Kamba za viatu! Nani amekufunga kamba hivi, wewe? Unataka kuanguka mbele ya wageni?" Akapiga magoti, akafungua kamba za viatu sita, akafunga moja moja. "Daftari liko wapi? Umeacha daftari? Kimbia! Usikimbie sana, utaanguka!"

"Mama," alisema Bwana Kirchev, "leo hawaendi kusoma. Tunapima safari tu."

"Mtoto bila daftari ni mtoto, baba? Shikilia hapo." Akamwekea mkaguzi mapajani kipande cha banitsa, mkate wa jibini, kimefungwa kwenye karatasi, jibini bado linafuka moshi. "Kula. Umekonda kama mpini wa jembe. Mkeo yuko wapi?"

Bwana Kirchev alikula. Alikula mpaka chembe ya mwisho, jicho kwenye saa, na Fatme alipopanda mwenyewe kusindikiza watoto wake, mkaguzi alifuta vidole kwa leso.

"Asante, mama. Dakika mbili na sekunde arobaini."

Fatme alijitupa kwenye kiti kando ya Yordana, akamfinya paja. "Nimefanyaje?" alinong'ona.

"Umefanya kama malkia."

Dakika ya ishirini, kitongoji cha kiwanda cha mbao. Baba wa watoto watatu, Rangel, mpasua mbao mwenye vidole vinane, alikuwa na wawili mkononi.

"Wa tatu haonekani!" alitangaza. "Vasko! Vasko, wee! Mtoto huyu ataniua. Alikuwa hapa sasa hivi!"

Akazunguka rundo la magogo. Akatazama chini ya trekta. Akainua hata ndoo.

"Yuko nyuma yako," alisema mkaguzi.

"Wapi?" Rangel aligeuka, na Vasko, aliyeshika mkanda wa suruali ya baba yake kama alivyofundishwa, akageuka naye. "Simwoni!"

"Nyuma yako, bwana!"

"Wapi?"

Basi zima lilikuwa linalia kwa kicheko. Hata pembe ya mdomo wa Bwana Kirchev ilitikisika. Dakika mbili na nusu.

Basi lilipoondoka, mshale ulikuwa kwenye ishirini na mbili na nusu. Yordana alihesabu kwa vidole chini ya mkoba wake. Dakika tano na nusu hadi Kinu cha Maji, kitongoji cha mwisho. Kutoka Kinu hadi lango la shule ya mjini ni dakika tisa, mkaguzi mwenyewe alisema alipima jana kwa gari lake. Jumla thelathini na saba.

Zimebaki tatu. Zote tatu zilikuwa Kinuni, na Kinuni kulikuwa na mtoto mmoja tu wa kupanda.

"Dakika tatu kwa mtoto mmoja?" Fatme alinong'ona. "Mwalimu, mtoto mmoja hata umvue umvishe tena hafiki dakika tatu. Ni nani huyo?"

"Dana," alisema Yordana. "Mjukuu wangu."

Dana alikuwa na miaka minane na jina la bibi yake, limekatwa mbele. Mama yake, Iskra, ndiye mtoto pekee wa Yordana; baba yake, Plamen, alikuwa ugenini akitafuta kazi. Jana jioni Yordana alikuwa amemweleza Iskra mara mbili: mchelewesha, vifungo vya koti, chochote, dakika tatu, mwanangu, najua unaweza. Iskra alikuwa anaosha chupa za kuhifadhia pilipili. "Sawa, mama," alikuwa amejibu, bila kuinua uso.

Basi lilikata kona ya Kinu, na Yordana akasimama ili aone vizuri.

Iskra alikuwa kando ya barabara na Dana. Miguuni pao kulikuwa na masanduku mawili makubwa yaliyofungwa kwa kamba, begi la bluu, na kasha la mbao lililojaa chupa.

Yordana alikaribia kupiga makofi.

Masanduku! Hili halikumpitia yeye kichwani, wala Fatme, wala Rangel. Masanduku ya kupakia, kwa basi ambalo buti lake hufunguka kwa kupigwa mateke! Aliinama kwa Fatme. "Umeona akili hiyo?" alisema. "Huyo nimemzaa mimi."

"Hii nini?" aliuliza Bwana Kirchev.

"Mizigo ya abiria," alisema Stoil, ameshashuka, anakunja mikono ya shati. "Mtoto hawezi kupanda bila mzazi, mzazi hawezi kupanda bila mizigo. Andika hivyo."

Buti halikufunguka. Stoil alilipiga teke la kwanza, la pili, akaenda kutafuta bisibisi. Sanduku la kwanza liliingia, la pili likakataa. Likatolewa la kwanza. Kamba ikakatika. Chupa moja ya pilipili ikaanguka na kupasuka juu ya lami, nyekundu, na Iskra akainama kuokota vipande kwa mikono, kimoja kimoja, kana kwamba ameangusha kitu cha kanisani.

"Dakika mbili," Fatme alihesabu kwa midomo tu. "Mbili na nusu. Tatu! Mwalimu, tatu!"

Watoto wote walikuwa wamebana nyuso kwenye vioo. Iskra alipanda mwisho, Dana mkononi, akaketi kiti cha nyuma kabisa. Dakika nne na sekunde ishirini.

Yordana alimtafuta macho ili amkonyeze. Iskra alikuwa anatazama sakafu. Anaigiza vizuri mno, Yordana aliwaza, mpaka amepauka.

Basi liliingia Belostena. Lilipita soko, likapita mnara wa saa, likasimama mbele ya shule ya ghorofa tatu yenye madirisha mapya. Bwana Kirchev alibonyeza saa, akaiinua kwenye mwanga, akaisoma kama daktari anavyosoma kipimajoto.

"Dakika arobaini na moja," alisema. "Sekunde ishirini."

Kelele iliyotoka ndani ya basi hilo iliwashtua njiwa wa mnara. Stoil alipiga honi mpaka mlinzi wa lango akatoka. Fatme alimkumbatia Yordana akamwinua juu. Watoto walirukaruka juu ya viti, na kwa mara ya kwanza katika miaka thelathini na mmoja mwalimu hakuwakemea.

Uani, wanafunzi wa mjini walikuwa wamesogea kwenye uzio. "Wachunga mbuzi wamefika!" mmoja alipaza sauti. "Mbuzi mmewaacha na nani?"

"Na baba yako!" Vasko alimjibu dirishani, na hapo pia hakukemewa.

Bwana Kirchev alishuka, akatandaza fomu juu ya boneti lenye joto. Uso wake haukuwa na hasira. Ukitazama kwa makini ungeweza kusema kwamba amefarijika.

"Hongera, Mwalimu," alisema. "Muda umetimia. Hapa utaandika idadi ya wanafunzi, utie sahihi, upige muhuri wa shule, tumemaliza. Ya tatu katika kumi na tano. Hata mimi nitapata cha kumwambia mke wangu."

Yordana alifungua mkoba. Muhuri wa shule wa duara hakuuacha ofisini hata siku moja. Ulikaa mkobani, ndani ya kopo la dawa za kikohozi, pamoja na pedi yake ya wino. Aliutoa.

"Mama."

Iskra alikuwa amesimama nyuma yake. Koti amevaa, begi la bluu begani, na karatasi mkononi.

"Mwanangu! Ulipoyapata masanduku hayo..."

"Mama, na hii pia ipigie muhuri. Tafadhali."

Yordana alichukua karatasi ile bado anatabasamu. Ilikuwa fomu ya uhamisho. Jina la mwanafunzi lilikuwa limeandikwa tayari, kwa mwandiko wa Iskra, ulioigwa kwa mwandiko wa Yordana mwenyewe. Na mahali pa shule mpya paliandikwa mji ambao hakuujua, na chini yake: Hispania.

Tabasamu lilichukua muda kuondoka, kama taa inayozimwa mbali.

"Gari linaondoka saa nne, stendi," Iskra alisema harakaharaka. "Plamen amepata kazi ya kudumu kwenye mashamba ya nyanya, na chumba. Kule shule haimpokei mtoto bila karatasi ya shule alikotoka. Nimeuliza. Lazima iwe na muhuri."

"Masanduku ni ya kweli," alisema Yordana.

"Ni ya kweli, mama."

"Jana nilikuja nyumbani kwako. Nilikaa jikoni kwako."

"Ningekuambia jana, ungenipikia chai, ungelia, nisingeondoka. Kama mwaka juzi."

Yordana alimgeukia Bwana Kirchev. Mkaguzi alikuwa amesikia yote, na sasa alikuwa anatazama viatu vyake.

"Nikiandika kumi na wanane sasa hivi," Yordana alisema kwa sauti ndogo, "nikapiga muhuri wako kwanza, halafu huu baadaye?"

"Hesabu inafungwa tarehe kumi na tano Juni, Mwalimu. Uhamisho ukitoka kabla ya hapo, jina linajifuta lenyewe kwenye mashine. Si mimi ninayelifuta." Alisita. "Lingekuwa langu, nisingeona kitu."

Tarehe kumi na tano Juni. Wiki nne na siku mbili. Yordana alimshika binti yake mkono.

"Niachie Dana mpaka hapo. Wiki nne tu, Iskra. Nitamleta mimi mwenyewe, nitapanda gari siku tatu, nitamkabidhi mlangoni."

"Ulisema hivyo nilipokwenda kuchuma stroberi. Mpaka Krismasi, ulisema. Akakaa mwaka na nusu. Niliporudi aliniita shangazi."

"Ni shule, Iskra! Ni shule uliyosomea wewe!"

"Na huyu ni mtoto wangu."

Dana alikuwa ameshika pindo la koti la mama yake kwa mikono yote miwili, amelikunja ngumi.

Yordana aliitazama ngumi ile. Kisha akaweka fomu ya uhamisho juu ya boneti, akafungua pedi ya wino, akaupulizia muhuri pumzi ya moto kama alivyozoea, na akaugandamiza. Aliugandamiza sana. Ulipoinuka, duara lilikuwa limekamilika, herufi zote zinasomeka.

Bwana Kirchev mwenyewe akachukua kalamu, na katika kisanduku cha idadi akaandika kumi na saba.

Iskra alimbusu mama yake mkono, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu utotoni. Alitaka kusema zaidi lakini stendi ilikuwa mbali na masanduku mazito. Stoil alibeba moja bila kuombwa, hakumtazama mtu usoni. Walikata kona ya soko, na Dana aligeuka mara moja.

Kwenye basi watoto walikuwa bado wanaimba. Hakuna aliyekuwa amewaambia.

Mtu alimgusa Yordana begani. Alikuwa Fatme, aliyekuwa ameshuka mapema akasikia yote.

Yule Fatme wa kamba za viatu na banitsa. Alikuwa amewashusha watoto wake watatu, amewapanga mbele ya uzio kwa urefu, na sauti yake ya kuita ng'ombe ilikuwa imekwisha kabisa.

"Mwalimu, usinichukie," alisema. "Nimezungumza na mlinzi. Zamu ya asubuhi hapa ina nafasi nne tu zilizobaki. Wengine watakaokuja Septemba watasoma jioni, watarudi gizani. Kama tunafunga, basi wangu..."

Hakumaliza. Hakukuwa na haja. Alinyoosha fomu tatu tupu za uhamisho alizopewa langoni.

"Wino bado haujakauka, eti?"

Yordana alitazama pedi iliyokuwa wazi juu ya boneti. Alikuwa ameijaza jana jioni kwa ajili ya siku ya leo, na ilikuwa na wino wa kutosha shule nzima. Alipoinua macho aliona kwamba mlango wa basi umefunguliwa, nyimbo zimenyamaza, na mama wawili wa Sivodol waliokuja kusindikiza watoto wanashuka ngazi polepole, wanaelekea langoni kwa mlinzi, kuuliza kama zimebaki fomu.